Shikamoo Kwenye Ukumbi wa Jujitsu

Leokadia Massawe alijiandikisha kujifunza jujitsu Jumanne, tarehe 2 Oktoba 2012, katika ukumbi ulio juu ya duka la matairi huko ughaibuni, Etobicoke. Mwalimu alipomuuliza sababu, alijibu kuwa ni usalama.

Mwezi Agosti kibaka alikuwa amempiga roba, mkono shingoni, kwa nyuma, nje ya kituo cha treni cha Kipling. Watu walipotokea, kijana yule alikimbia na mwavuli wa Leokadia. Hakukuwa na mvua. Leokadia, fundi wa meno ya bandia katika maabara moja katikati ya jiji, hakuulilia mwavuli. Kilichomsumbua ni mikono yake mwenyewe: muda wote ule ilining'inia tu, kama nguo kwenye kamba.

Tangu siku hiyo mumewe, Shadrack, alikuwa akimpeleka kazini kwa gari na kumrudisha. Lakini Shadrack alikuwa amepata kazi mpya Pickering, ng'ambo ya pili ya jiji, kuanzia Januari, na gari lilikuwa moja. Ama Leokadia arudi kwenye treni, ama aache kazi.

Darasa lilianza na jujitsu ya jadi, yaani kuinama, kuanguka na kutupa. Baadaye ilifuata michanganyiko: ngumi, mateke na mieleka, vyote kwa mpigo. Mwalimu Clinton aliwapanga watu kwa uzito. Aliyelingana na Leokadia alikuwa Pyarali, mfamasia mstaafu aliyeambiwa na daktari atafute mazoezi, na ambaye kutembea tu kulimkinaisha. Siku ya kwanza Pyarali alimtupa chini.

"Mama yangu wee," Leokadia alisema.

"Pole, binti," alijibu Pyarali, kwa Kiswahili safi.

Leokadia alimtazama kutoka chini. Mzee huyu alikuwa na umri wa baba yake.

"Shikamoo," alisema, akiwa bado chali.

"Marahaba."

Mapigano yakaishia hapo. Kuanzia siku hiyo, kila zamu yake ya kumtupa ilipofika, Leokadia alimshika mzee kiwiko taratibu na kumwinamisha kwa heshima.

"Unapigana naye au unamvusha barabara?" Clinton aliuliza.

Leokadia alimweleza kwamba kwao mkubwa hapigwi, hasa ukishamwamkia. Clinton alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba kwa macho yake ile ilikuwa hofu. Leokadia mwenyewe hakuwa na hakika.

Desemba walifika kwenye roba. Pyarali alimzungushia mkono shingoni kwa nyuma, akasubiri. Mikono ya Leokadia ikaning'inia.

"Kwenu wapi, binti?" Pyarali aliuliza, bila kuachia.

"Rombo."

"Mchaga!" Aliachia. "Na muda wote huu umenyamaza? Mimi mtoto wa Same. Baba alikuwa na duka pale sokoni. Nimekula makande kabla sijaijua chapati."

"Wewe si Mhindi, mzee?"

"Mhindi wa Upareni. Mtani wako."

Leokadia alicheka kabla hajajizuia. Wapare na Wachaga hutaniana hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye kosa.

"Mtani haamkiwi," Pyarali aliendelea. "Shikamoo zako zote nakurudishia, na marahaba zangu nachukua." Akamrudishia mkono shingoni, safari hii akakaza kweli. "Haya, Mchaga, toa pochi. Nasikia kwenu mtu akizimia mnamwangushia sarafu sikioni, mwone kama atafumbua macho."

"Na nyie mnauza ng'ombe mwende mahakamani kudai kuku!"

Mikono ilikuwa imeshapanda. Ilikamata mkono wa mzee, kiuno kikaingia chini yake, na Pyarali akapita juu ya bega la Leokadia, akatua kwenye mkeka kwa kishindo.

Clinton alisogea. "Umemwambia nini?"

"Nimemsalimu," Pyarali alijibu kutoka chini. Kisha, kwa Kiswahili: "Nitakushtaki."

"Uza ng'ombe kwanza."

Clinton hakucheka. Alisubiri Leokadia ageuke kuokota taulo, akampiga roba kwa nyuma bila kumwambia. Clinton si Mpare, na ni mzito kuliko Pyarali. Hakuruka juu ya bega la mtu. Lakini mikono ilipanda, kidevu kikaingia ndani, kisigino kikashuka juu ya mguu wa Clinton, na mwalimu akaachia.

"Sawa," alisema, akichechemea.

Ndani ya gari Leokadia alimsimulia Shadrack.

"Umemtupa mzee wa watu?"

"Mtani."

"Ah," Shadrack alisema, akawasha gari.

Jumatatu, tarehe 7 Januari 2013, Shadrack aliondoka na gari kwenda Pickering. Leokadia alitembea hadi Kipling na kupanda treni ya kwenda kazini.