Mwaka Nilipojisugua kwa Limau

Nilipoingia kidato cha pili nilihamia Ifakara kwa shangazi, dada wa baba, kwa sababu shule ya kwetu upande wa Malinyi ilikuwa mbali, na maji yakijaa bondeni njia ilipotea. Baba ni mvuvi. Nyumbani harufu ya samaki ilikuwa kama hewa; hakuna aliyeisikia.

Ifakara waliisikia, au walisema wanaisikia. Msichana mmoja darasani, mrefu, mcheshi, kipenzi cha walimu, aliniuliza baba anafanya kazi gani. Nikamwambia. Kesho yake nilipopita kati ya madawati alibana pua, na wenzake wakabana. Ikawa hivyo kila asubuhi, bila neno, mpaka nikaanza kuliona darasa kama lipo chini ya maji. Midomo ilicheza, sauti hazikunifikia. Nilitazama dirishani, mashamba ya mpunga yakiyumba kijani mpaka yanakoishia milimani, na siku zilinipita kama usingizi wa homa.

Nyumbani kwa shangazi nilijisugua kwa limau. Shuleni niliacha kula.

Jioni moja shangazi alirudi kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nywele nyeupe kwa vumbi la pumba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu lete mikono. Mbona imechubuka?"

Nikashindwa kujizuia. "Shangazi, hivi mimi nanuka?"

Aliinama, akaweka pua shingoni kwangu, akavuta pumzi taratibu kama anayenusa wali unaokaribia kuiva.

"Unanuka limau. Nani kakwambia unanuka?"

Nilimpa simu yake, ambayo nilikuwa nikiitumia kusoma ujumbe wa kundi la darasa mtandaoni. Mtu alikuwa ameweka humo picha: kichwa changu juu ya mwili wa kambale. Chini yake, vicheko mfululizo.

Shangazi aliitazama, akaketi kando yangu.

"Umewajibu?"

"Hapana."

"Usiwajibu. Na usiifute. Kesho tunakwenda wote shuleni."

"Watazidi, shangazi."

"Mbona hata sasa wanazidi, na uko peke yako?"

Mwalimu wa malezi alitupokea chumba cha pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa nimewafanyia nini wenzangu. Hakuuliza hivyo. Aliuliza ilianzaje, na nani anakaa karibu nami. Akamwita mwenzangu wa dawati, ambaye alianza kulia kabla hajakaa.

"Na mimi nilikuwa nabana pua, mwalimu. Niliogopa wasije wakanigeukia."

"Kesho utafanya nini?" mwalimu akamuuliza.

Asubuhi iliyofuata alinisubiri getini, ukungu umefunika uwanja wote, akatembea ubavuni kwangu mpaka darasani, mikono yake chini. Baadhi walibana pua. Walimwona, wakasita. Siku zilizofuata walipungua, kwa sababu kubana pua peke yako kunachekesha.

Yule mrefu aliitwa ofisini pamoja na mama yake. Yaliyosemwa humo ndani siyajui. Hakuchapwa, wala hakusimamishwa mstarini. Picha ilitoweka kwenye kundi.

Mvua zilipokatika alinikuta bombani, nikijaza chupa.

"Ile picha niliitengeneza mimi," alisema.

"Najua."

"Nilidhani unacheka na wewe. Sikujua kama umeacha kula."

"Niliacha."

Alisimama, anasubiri. Jua lilikuwa limelowesha kila kitu kwa mwanga, bati, majani, uso wake, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa msichana wa rika langu tu, asiyejua aweke wapi mikono yake. Sikumwambia nimemsamehe, sikuwa nimemsamehe bado. Nilisogea, nikamwachia bomba.

Mwenzangu wa dawati alikuwa ananipungia kutoka kwenye foleni ya uji, amenishikia nafasi. Nikaenda kula.