Mwanamke Niliyemtoa Mchezoni

Plastiki ikiungua hutoa harufu kali inayoingia puani na kukwama kooni, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya kiangazi. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kama kumi, tukiishi Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na pampu ya maji iliyokuwa karibu na kanisa letu ilikuwa imeanza kukohoa hewa badala ya maji. Watu hawakusimama foleni. Madumu yalisimama kwa niaba yao, ya njano karibu yote, yamepangana kutoka pampuni hadi njia ya mashambani, na kila mtu alilijua lake kwa alama: kitambaa kilichofungwa kwenye mshikio, msalaba uliochorwa kwa kisu, gunzi la hindi lililofanywa kifuniko. Mwenye dumu alikwenda kulima, akirudi alilikuta limesogea, maana jirani alilisogeza pamoja na lake. Ila dumu lililotoboka halikusogezwa na yeyote, kwa sababu kulijaza ni kumwaga maji ya watu. Hapo ndipo alipohitajika mama yangu.

Mama aliketi kando ya pampu juu ya kigoda, na jiko la mkaa, kisu kikuukuu na mfuko wa vipande vya mabeseni yaliyokufa. Aliweka kisu motoni mpaka kikaiva, akayeyusha kipande juu ya ufa, akakisawazisha polepole kama anayesonga ugali wa mgonjwa. Kisha akapuliza hewa ndani ya dumu, akauziba mdomo wa dumu kwa kiganja, na kulaza shavu juu ya kovu lile jipya ili asikie kama kuna pumzi inayotoroka. Alifumba macho akifanya hivyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Rubondo usipoziba ufa ulikunywa matope. Hakudai fedha. Aliyezibiwa alileta maharagwe, au alilisogeza dumu letu mbele kidogo, hivyo nyumba yetu haikukosa maji kiangazi kizima, nami niliyanywa bila kujiuliza yametoka wapi.

Aibu yangu ilikuwa kwenye harufu. Iliingia kwenye vitenge vya mama, kwenye nywele zake, kwenye shati langu la shule, na sabuni haikuiweza. Watoto waliniita Mwana wa Moshi. Jumapili kanisani aliyekaa karibu nami alijivuta taratibu mpaka ukingo wa benchi, akijifanya anampisha mtu. Basi nikajifunza kusimama upande wa pili wa pampu, pamoja na watoto wa mama muuza viazi vitamu, ili mgeni akipita adhani mimi ni wa kule. Wakicheka namna mama alivyolaza shavu kwenye dumu, nilicheka pia. Mama alinyanyua macho mara moja, akatutazama, akarudi kwenye kisu chake. Nyumbani alinipakulia chakula kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Nabintu, binti wa jirani yetu, mdogo kwangu kidogo, ambaye alikaa kando ya jiko akimpepelea mama moto, na moto ukikolea alichora madumu kwenye mavumbi kwa kijiti.

Sasa mimi ni fundi wa simu huku Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, na nikifunga kibanda changu ninakuwa mchezaji wa michezo ya simu na kompyuta. Siipendi michezo mikubwa ya mpira na bunduki. Napenda midogo, inayotengenezwa na mtu mmoja au wawili waliojifungia chumbani na kompyuta bila kampuni nyuma yao. Tuna kundi letu la wachezaji kwenye simu, na mimi ndiye ninayengojewa nitoe maoni. Nikisema kweli, kungojewa huko kunaninenepesha. Miezi michache iliyopita niliusifu mchezo wa mzee anayepeleka barua kwenye theluji, kwa kuwa haukuharakishi, na ukitembea unasikia viatu vyake vikilalamika. Theluji sijawahi kuiona lakini miguu yangu ilisikia baridi. Niliuponda mchezo wa shamba ambamo mahindi yanaiva kwa siku tatu na hakuna nyani hata mmoja anayeyaiba. Nilisema aliyeutunga hajashika jembe, aje mashambani Ngarama aulize watu. Kisha nikatoa hukumu: mchezo mdogo hauna fedha wala picha za kung'aa, kwa hiyo hauna cha kumpa mchezaji ila ukweli. Maneno hayo yalipongezwa sana. Nyani haoni kundule.

Wiki chache baadaye Nabintu, ambaye naye yuko Mbarara na amejifunza kutengeneza michezo, aliweka kundini mchezo wake wa kwanza ili tuujaribu. Ndani yake wewe ni msichana unayetakiwa kufikisha maji nyumbani kiangazi chote. Unasogeza madumu ya majirani, nao wakikupenda wanasogeza lako. Pampu inakohoa kama ile ya kwetu. Na kando ya pampu ameketi mwanamke mwenye jiko. Ukimpelekea dumu lililotoboka analiziba, anafumba macho, analaza shavu juu yake, na mchezo wote unanyamaza mpaka amalize kusikiliza. Kwa maoni yangu ya kweli, ambayo sikuyatoa, sijacheza kitu kizuri kuliko hicho. Lakini Muhwezi, kijana wa mwanajeshi aliyekulia kambi ya jeshi hapa mjini, alikuwa amekwisha kutuma sauti yake.

"Banange, huyu mama wa jerikeni ameniua! Anabusu jerikeni? Nyinyi watu wa Nakivale, kweli hiyo nayo ilikuwa kazi?"

Kundi zima likaangua vicheko. Nikakiona kidole changu nacho kikituma kicheko.

Jioni Nabintu akanipigia. "Kaka, ule mama ni mama yako, bantu ba Rubondo bote batamujua. Sitamuacha mule kama weye hauitike. Unasema nini?" Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Badala ya kuingia, nikajivika ukosoaji wangu: kwamba mwanamke yule anapunguza kasi ya mchezo, kwamba mchezaji atachoka kumsubiri, kwamba watu wa mjini hawataamini. "Mutoe," nikasema. Akaitika: "Sawa, kaka. Weye njo unajuaka michezo." Aliniita mjuzi wa michezo bila dhihaka katika sauti yake, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumapili iliyopita nilikwenda Rubondo kumwona mama. Pampu iling'olewa zamani, siku hizi kuna mabomba, na dumu likitoboka linatupwa korongoni kwa sababu jipya linapatikana dukani. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, kuku hutagia mayai ndani yake. Mama alikuwa amesikia kwamba Nabintu ametengeneza mchezo wa pampu yetu, akataka auone. Nikamshikia simu, nikacheza taratibu. Alifurahi kama mtoto: alilitambua kanisa, akamtambua mama muuza viazi, akaicheka pampu kwa kukohoa. Ndipo dumu la msichana likatoboka, na maji yakaanza kuchora mstari njiani. Mama akaivuta simu karibu na macho yake.

"Papa," akasema, maana mama zetu huwaita hivyo wana wao kwa mapenzi, "na bidoni zenye kutoboka, ni nani anazizibaka?"

Ningeweza kumdanganya. "Alikuwako mutu, mama. Ni mimi nilisema bamutoe."

Alitazama mahali pale kando ya pampu. Nabintu alikuwa amemtoa mwanamke lakini jivu la jiko lilibaki chini, doa dogo jeusi. Mama aliligusa kwa kidole, na skrini ikatingishika.

"Alikuwa anafanya mubaya gani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira, wala kwa machozi. Aliuliza kama anayeulizia jirani aliyefukuzwa kwenye foleni. Mtoto niliyekuwa Rubondo angalau alikuwa mtoto, na watoto wengine walikuwepo wa kujificha nyuma yao. Mimi ni mtu mzima mwenye kibanda, ninayekula kwa kuziba vitu vya watu vilivyovunjika, na bado nilitafuta upande wa pili wa pampu isiyokuwepo tena.

Nikatoka nje, nikasimama karibu na lile jiko la kuku, nikampigia Nabintu. Nilimwambia nilikosea, na kama bado inawezekana, amtengeneze upya mama yangu, hata ikiwa kazi ni kubwa.

"Sikumufutaka, kaka," akasema. "Nilimuficha tu nyuma ya kanisa. Anangoja weye umuite."