Mkunja Vivuli wa Majengo

Perpétue hakuwa mchawi. Alikuwa muuza samaki, na hiyo ni kazi isiyompa mtu nafasi hata ya kumroga paka. Asubuhi uko kwenye lori la samaki kutoka Vitshumbi unagombania mzigo, mchana uko sokoni unafukuza nzi, jioni mikono inanuka hata uisugue na limau. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Butembo, mjane, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na mdomo wake wateja waliuogopa na kuupenda. Ukimpapasa samaki mara tatu bila kununua, alikuuliza kama umekuja kumposa.

Mdomo huo ndio uliomfikisha kwenye televisheni. Guylain, kijana aliyekuwa akipiga video za harusi, alimsikia siku moja akimpasha mteja, akamwambia anatafuta mwanamke wa namna hiyo hiyo. Alikuwa na seri kichwani, tamthilia ya mambo ya ajabu matupu, inaitwa Duka la Vivuli. Perpétue akawa Mama Giza, anayetunza vivuli vya watu. Wachuuzi wanaokwenda Bunagana, mpakani, wanamwachia vivuli vyao ili mtu wa forodha asivitoze ushuru. Anainama, anakunja kivuli kutoka chini kama unavyokunja kitenge, anakitia sandukuni, anakupa tiketi. Kulikuwa na mbuzi aliyedai chake kwa Kifaransa. Kulikuwa na bwana harusi aliyekosa kivuli siku ya picha. Mtaa mzima wa Majengo ulicheka. Jumapili saa kumi, kila nyumba yenye umeme ilijaa majirani.

Ila vipande vya mwisho vya seri vilianza kuwa vikali. Watu waliomwachia Mama Giza vivuli wakawa wanakonda. Kipande cha nane kiliisha amesimama juu ya kitanda cha mtoto mgonjwa, sanduku mkononi, anacheka. Cha tisa ndicho kingeonyesha kwamba alikuwa anavificha vivuli, kwamba mwizi ni yule wa forodha, na kwamba mtoto anapona. Perpétue alikuwa ameshakariri maneno yake yote. Hakikuonekana. Vita viliingia mjini mwezi wa kwanza, Guylain akavuka mpaka na kompyuta yake, na televisheni ilipowaka tena, mkurugenzi wake alimwambia Perpétue kwa heshima kwamba seri imekatwa. Saa ile sasa ni ya maombi. Watu hawana tena moyo wa vivuli, alisema.

Basi Perpétue akabaki pale kipande cha nane kilipomwacha, juu ya mtoto mgonjwa, anacheka.

Mwanzoni ulikuwa mchezo. Watoto wa mtaa walimwomba awakunjie vivuli, naye anainama, anakunja, wanakimbia wakipiga kelele. Halafu akina mama wakaanza kuwavutia watoto wao upande wa pili wa njia. Mteja mmoja akapotea, wa pili akapotea. Perpétue aliwaeleza hadithi inavyoisha. Walimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza mwizi akieleza alikoitoa pikipiki.

Ndipo Ushindi akaugua. Alikuwa mtoto wa miaka minne, wa Charline, jirani wa ukuta mmoja. Siku moja kabla ya homa alipita kwenye meza ya samaki, na Perpétue alimkunjia kivuli. Soko zima liliona.

Siku ya tatu ya homa, saa tisa mchana, Perpétue alirudi nyumbani akakuta watu kama thelathini ndani ya kiwanja chake. Papa Paulin, shefu wa mtaa, alikuwa amekalia kiti cha Perpétue mwenyewe, na siku hiyo hakumtazama usoni. Charline alikuwa chini, mtoto mapajani. Mlangoni walisimama wanaume wawili, kila mmoja na jiwe lake. Hapa kwetu mawe ya volkano hayatafutwi mbali.

Papa Paulin alieleza polepole. Mama wa mtoto amekataa kwenda kwa munganga wa kituo cha afya. Anasema dawa haikai kwa mtu asiye na kivuli. Anataka kirudishwe kwanza, halafu mengine yataongelewa.

Perpétue alimtazama mtoto. Alikuwa amezaa sita na kuzika wawili, na macho yale aliyafahamu, yalikuwa yamepanda juu, weupe tu ndio unaoonekana. Mkono wa kushoto ulikuwa unarukaruka. Malaria ilishafika kichwani.

"Charline, ile ilikuwa mchezo," alisema. "Mutoto yako iko na palu. Mubebe, twende."

"Nirudishie kwanza, mama."

Alimgeukia Papa Paulin, akamwambia atoe amri. Papa Paulin akajibu kwamba hawezi kumwamuru mama juu ya mtoto wake, na akatazama viatu vyake. Meno ya Ushindi yaligongana. Mtu mmoja nyuma alianza kusali kwa sauti, wa pili akamwambia anyamaze.

Perpétue alipima haraka, kama anavyopima samaki kwa mkono. Akisema hana kivuli, Charline hatanyanyuka, mtoto atafia pale mapajani, na wale wawili wa mlangoni watajua la kufanya. Akisema anacho, watu thelathini watakuwa wamemsikia kwa masikio yao akikiri uchawi, mchana kweupe, bila kupigwa. Neno hilo halifutiki Majengo. Litamfuata sokoni, litamfuata kanisani, litawafuata wajukuu wake shuleni.

Mkono wa mtoto uliacha kuruka. Hilo lilimtisha kuliko mawe.

Alitua beseni lake la samaki. Akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso, akaishusha sauti ikawa ya Mama Giza, na watu wakarudi nyuma kabla hata hajafungua kinywa.

"Niko nacho," alisema. "Kivuli ya Ushindi nimekikunja mara saba. Hapa hakifunguke. Kinafunguka kwa sindano ya munganga, kwa kituo cha afya, mama yake akiwa amemushika. Jua ikishuka hamujafika, nitakibakiza."

Charline alikuwa ameshasimama. Mtu aliita pikipiki, ikaondoka naye, mtoto katikati yake na dereva. Perpétue alifuata kwa miguu kwa sababu hakuna dereva aliyekubali kumpakia. Nyuma yake walikuja wale wawili na mawe yao, na mwendo wao ulikuwa sawa na wake, akipunguza wanapunguza.

Alikaa nje ya kituo zaidi ya saa mbili, mgongo ukutani. Hakusali. Aliona aibu kumwomba Mungu kwa sauti ile ile. Jua lilikuwa karibu kuzama munganga alipotoka, mwanamke kijana anayeitwa Umwiza, akatangaza kwa ukali kwamba mtoto amepata dawa, degedege imekatika, amekunywa maji, na kwamba wangechelewa saa moja tu wangekuja kuchukua maiti. Wale wawili wakatupa mawe. Mmoja aliinamisha kichwa mbele ya Perpétue, akasema, "Asante, Mama Giza," na Perpétue aliona afadhali angempiga.

Jumapili, benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi kubwa kulia na kushoto. Kiongozi wa kwaya alimwomba apumzike kuimba kidogo, mpaka maneno yapoe.

Ushindi alipotoka kituoni, Charline alikuja na kuku mweupe, miguu imefungwa. Perpétue alimkalisha, akamweleza yote upya: seri, kipande cha tisa, mbu, malaria. Akamuuliza, si munganga alikuonyesha karatasi ya damu?

"Alinionyesha, mama," Charline alisema. "Ilikuwa palu. Lakini dawa ilikubali kwa sababu wewe uliiruhusu."

Hakutaka kuondoka na kuku wake. Kukataliwa, kwake, kungekuwa na maana kwamba kipande cha kivuli bado kimebaki sandukuni. Perpétue alifungua kinywa kumtukana, akaona kwamba nyuma ya Charline, mlangoni, amesimama mwanamke asiyemjua, wa mtaa mwingine, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande. Charline ndiye aliyemleta.

Mwanamke yule aliogopa kuingia. Aliuliza kutoka pale pale kama ni kweli anafungua vivuli.

Perpétue alimwendea, akaweka mkono kwenye shingo ya mtoto. Ilikuwa inachoma.

"Tangu siku gani?"

"Tangu jana jioni."

Akavuta kitenge mpaka kwenye paji la uso, akamwambia Charline alinde samaki, akatoka na mwanamke yule kuelekea kituo cha afya.