Tumbo la Siku ya Tisa

Niliolewa Kitanga, huku Kasulu, nikiwa na miaka ishirini na tatu, na kwa siku tisa za kwanza za ndoa yangu sikupata choo. Naandika hili wazi kwa sababu wakati ule sikuweza kumtamkia mtu yeyote, na kimya hicho nusura kinivunjie nyumba.

Kwetu ni Kibondo. Choo chetu kilikuwa nyuma ya migomba, na sisi watoto saba tulikigombea asubuhi kwa kelele, mmoja anagonga mlango, mwingine anajibu kutoka ndani. Hakuna aliyeona haya. Ukweni mambo yalikuwa mengine. Wakwe zangu walitoka Burundi zamani, wakawa raia, wakalima, lakini mila moja waliing'ang'ania: bi harusi hukaa ndani wiki mbili mpaka siku ya kutwikurura, wazazi wake wanapokuja na vikapu vya vyakula naye anatolewa nje mbele ya watu. Kabla ya hapo hafagii, hachoti maji, haendi shamba, wala hapiti mbele ya baba mkwe.

Na choo kilikuwa ng'ambo ya ua. Baba mkwe alikuwa msuka vikapu, na kigoda chake kilikaa katikati kabisa, kati ya mlango wangu na ule mlango wa choo wa bati uliolia kila ukiguswa. Kwa haja ndogo niliwekewa ndoo chumbani. Kwa ile kubwa niliambiwa nimwite mama mkwe, naye angemwomba mzee asogee kwanza. Nikawaza: kila nikitaka kwenda, mzee mzima ainuke na kapu lake, na ajue kwa nini anainuka! Nikasema moyoni, afadhali nife. Nilikuwa mjinga, ila mjinga mwenye adabu.

Basi nikabana. Siku mbili za kwanza mwili uliniita, nikakataa. Siku ya tatu ukaacha kuita. Nikapunguza na maji ya kunywa, nikidhani nikiingiza kidogo kitatoka kidogo. Wenyewe walinilisha kwa mapenzi: ugali wa muhogo, nyama, maziwa, tena ugali. Maharage na sombe, yaani kisamvu, walivila wao kule jikoni, kwa kuwa hicho ni chakula cha kila siku, hakifai kwa bi harusi. Mimi nimekaa juu ya shuka jipya, sinyanyui hata fagio. Kila kilichonifunga tumbo kilikuwa heshima, yao kwangu na yangu kwao.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliniuliza mbona sili. Nikamwambia nawakumbuka nyumbani. Alinunua vocha ili niongee na mama yangu, maskini.

Siku ya tisa mama mkwe aliingia kunipaka mafuta kama alivyofanya kila asubuhi. Mkono wake ulipofika tumboni ulisimama. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza. Alinitazama usoni, akafunika kopo la mafuta, akatoka.

Nikaelewa alichokiona. Bi harusi wa siku tisa, na tumbo tayari. Siku tano baadaye wazazi wangu wangefika kutoka Kibondo, na kanisa zima lingekuja kuniona nikitolewa nje. Watu wanajua kuhesabu miezi. Nililala chali nikipima aibu mbili, ya mimba na ya choo, nikashindwa kuchagua. Hadi leo najishangaa kwamba niliona zinalingana.

Mchana akarudi. Alifunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwana wanje," alisema kwa sauti ya chini, akiniita mtoto wake kwa Kirundi, "mwanangu anajua?"

Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Kama hajui, usimwambie leo. Niachie mimi. Mtoto akizaliwa hapa ni wa hapa. Watu nitawajibu mimi."

Sijawahi kumpenda mtu kwa ghafla kama nilivyompenda mama yule pale. Nikaangua kilio.

"Mama, si mimba. Sijapata choo tangu nije."

"Tangu harusi?"

"Ego, mama, tangu siku ile."

Alijiziba mdomo kwa kitenge. Nilidhani anacheka, kumbe analia, kisha akacheka kweli, nami nikacheka mpaka tumbo likaniuma zaidi. Halafu akakasirika. "Siku tisa! Ungenifia humu ndani huku nakuletea nyama."

Hakungoja wiki mbili ziishe. Alinifunika kichwa kwa kitenge chake, akanishika mkono, tukatoka mlangoni mchana kweupe. Baba mkwe aliinamia kapu lake, hakuinua macho hadi tulipopita. Tulikwenda kwa miguu mpaka zahanati, polepole.

Nesi alikuwa mgeni wa mikoa mingine, aliuliza kama anayeuliza habari za mvua: unatapika? Umeona damu? Hewa inatoka? Nikajibu, na paa halikuniangukia. Aliniminya tumbo, akanipa dawa ya kulainisha choo, akasema nikianza kutapika au maumivu yakizidi nirudi haraka. "Kunywa maji ya kutosha," alisema. "Kula maharage, mboga, papai. Tembea. Na mwili ukiita, itika, usiuzoeze kunyamaza." Mama mkwe alimsikiliza kwa makini kuliko mimi.

Dawa ilifanya kazi siku ya pili. Nilipita mbele ya kigoda nikikimbia.

Tangu hapo kila asubuhi aliniletea kikombe cha maji ya vuguvugu na kipande cha papai, kisha tukazunguka migombani hadi aliponiona nimetulia. Majirani walimuuliza kulikoni bi harusi anatembea kabla ya siku yake. Aliwajibu kwamba yeye ndiye mama mkwe, na nyumba ni yake. Siku wazazi wangu walipofika nilitolewa nje nikiwa mwepesi, na mama yangu alisema ukweni kumenipendeza.

Mwaka jana tulikuwa tunamenya muhogo pamoja, nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Mama, ingekuwa mimba kweli, ungewajibu nini watu?"

Hakuinua kichwa. "Ningesema mtoto ni wa mwanangu, mlikuwa tayari kuoana mapema, mimi ndiye niliyechelewesha harusi. Kosa langu."

Alisema hivyo papo hapo, bila kutafuta maneno. Ndipo nikajua kwamba uongo huo alikuwa ameshauandaa mchana ule, kabla hajafunga mlango na kuketi kitandani kwangu.