Diski Niliyokataa Kuiachia

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Buyenzi, na mtaani kwetu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: ukibadilishiwa kipuri, kile cha zamani unarudishiwa. Fundi anakifunga kwenye kitambaa chenye grisi na kukutia mkononi, uone mwenyewe kilivyokatika, usije ukasema ameuza kizima akakuwekea kibovu. Asipokirudisha, watu wa Buyenzi wanajua la kufikiri juu yake. Kwa hiyo mwaka ule wa vita nilipogombana na watu wa garanti mjini, sikuwa nikijitafutia sifa. Nilidai haki niliyokua nikiiona.

Nilikuwa na chumba kimoja cha kazi Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, nikiwachapia wanafunzi tasnifu zao. Mali yangu ilikuwa kompyuta moja na printa moja. Kompyuta ilikuwa mpya, na karatasi yake ya garanti, ile dhamana ya duka ya mwaka mzima, niliitunza kwenye bahasha moja na cheti changu cha ndoa. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, nikasikia "paf!" nyuma ya mashine, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa chumbani. Binti wa fundi hahitaji kuambiwa. Ilikuwa alimantasio, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Nikaipeleka dukani nilikoinunua, nikamweleza fundi wao hivyo hivyo, akaandika kwenye fomu, pamoja na namba ya kila kipande cha ndani, kila kimoja na mstari wake. Kipande kingeagizwa nje, nisubiri wiki tatu.

Wiki ya tatu risasi zililia Musaga siku mbili mfululizo, watu wakakimbilia mjini na magodoro kichwani. Jumatatu yake akanijia msichana mmoja wa huko, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Tasnifu yake, memware kama wanavyoiita wenyewe, nilikuwa nimeshaichapa karibu yote, ilibaki hitimisho tu. Alikuwa amevaa viatu viwili visivyofanana.

"Mama," akaniambia, "nyumba yetu iliungua. Madaftari yangu yote ilibaki mule ndani. Memware yangu ya kwa mashine iko?"

Mashine ilikuwa bado dukani. Na mimi, niliyekuwa nikiwafokea wateja kila siku wanunue disketi, sikuwa nimetoa nakala hata moja ya kazi yake. Disketi zangu zilikuwa zimejaa. Nikasema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Miaka miwili ya msichana yule ilikuwa ndani ya diski ya kompyuta ile, na si mahali pengine popote duniani.

"Iko," nikamjibu. "Rudi Ijumaa ya juma lijalo tumalize."



Jumatano duka likaniletea habari kwamba mashine iko tayari. Fundi wao, mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, akaiweka juu ya kaunta na karatasi kando yake.

"Madamu, saini hapa."

"Iwashe kwanza."

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma ile karatasi: kipande kilichobadilishwa, diski.

"Mi nilikuambia alimantasio," nikasema. "We umebadilisha disiki?"

"Ile piesi ndiyo ilifika, madamu." Akanigeuzia faili nione. Wakati wa kuagiza, mtu alikuwa amenakili namba ya mstari wa chini, wa diski, badala ya ule wa juu, wa alimantasio. "Dosie yako inasema disiki. Mi naweka kile dosie inasema."

"Na ile ya zamani? Si ilikuwa nzima?"

"Inarudi kwa wenye walituma. Garanti iko vile. Iko mu karto, inapanda ndege Ijumaa."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Walikuwa wametoa kipande kizima, wakaweka kizima kingine, na kibovu wakakiacha kimekaa palepale kama mgeni wa heshima. Kazi ya yule msichana ilikuwa kwenye boksi inangoja ndege. Kusema kweli, fundi yule hakuwa mtu mbaya. Aliogopa karatasi. Miaka ile karatasi isiyokubaliana na mwenzake iliweza kumfukuzisha mtu kazi, na kazi nyingine haikuwepo.

"Nipe kipuri changu cha zamani."

"Apana, madamu. Haiwezekane."

"Basi sisaini."

Hapo uso wake ukabadilika. Bila saini yangu dosie haifungwi, na dosie isipofungwa boksi halisafiri. Nikavuta stuli, nikaketi mbele ya kaunta na mkoba magotini. Wateja wakaingia, wakatoka. Akaniletea maji, nikanywa, nikashukuru, sikuondoka. Adhuhuri aliniruhusu kuswali kwenye kona ya stoo, kisha nikarudi kwenye stuli yangu. Saa tisa akaanza kutazama saa ya mkononi, kwa sababu mabasi ya Gihosha yaliacha kupanda mapema siku zile, na aliyechelewa alipanda kilima kwa miguu akimwomba Mungu njia nzima.

"Madamu, mi naishi Gihosha," akasema, sauti imelegea.

"Mi naishi Buyenzi, hapa karibu. Nikikosa njia nitalala hapa hapa."

Akacheka bila kupenda. Kisha akainama juu ya kaunta. "Nikikurudishia ile disiki, garanti yako inakufa yote. Hata mashine ikiwaka moto kesho, usikuje hapa."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikatoa karatasi ya garanti kwenye bahasha, nikaichana vipande vinne mbele ya macho yake. Akaenda stoo, akarudi na diski, nami nikalinganisha namba yake na ile ya kwenye fomu, tarakimu kwa tarakimu. Mpya akabaki nayo. Tukaandika karatasi nyingine, kwamba mteja ameiacha garanti kwa hiari yake. Hiyo nikaisaini.

Kaka yangu, aliyerithi karakana ya baba, alinipokea kwa kicheko. "Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," akasema. "Garanti ya mwaka muzima umeichana?"

"We tengeneza tu."

Alizoea umeme wa magari, kompyuta hakuwahi kuifungua. Akaifungua alimantasio, akakuta fyuzi imekatika na kipande kingine kimevimba na kupasuka, akatafuta cha kufanana nacho kwenye televisheni iliyokufa. Ilimchukua siku nne. Nilimkataza kuunganisha diski mpaka mashine iwake mara tatu bila moshi. Ilipowaka na diski, tasnifu ilikuwamo, kurasa zote. Nilitoa nakala kwenye disketi tatu mpya kabla sijapumua vizuri.

Ijumaa msichana akaja, tukachapa hitimisho. Kisha akatoa kikaratasi cha shukrani, akanisomea niandike. Alimshukuru Mungu, profesa wake, wazazi, majirani waliowapokea, hata mzee wa fotokopi wa pale mlangoni mwa chuo. Nikaandika yote. Nikangoja, vidole juu ya vitufe.

"Ni hayo tu, Mama."

Sitadanganya, iliniuma. Ulimi ulikuwa tayari kumsimulia stuli, karatasi niliyoichana, na siku nne nilizomsimamia kaka. Lakini kisa hicho kisingesimulika bila mwanzo wake, na mwanzo wake ni mimi niliyemtazama usoni, nyumba yao imeungua, nikamwambia "Iko" na hali sikuwa nayo.

Nikapiga nukta, nikamuuliza anataka nakala ngapi.