Vikopo Vitano kwa Ndoo Moja

Jana, hapa Izia, jirani alipika uji wa mahindi na soya. Harufu ikaingia dirishani, hasira ikanipanda upya.

Unga kama ule tuliletewa shuleni kutoka Marekani, nikiwa darasa la nne. Mwalimu mkuu aliingia na mfuko mmoja darasani, akatusomea maandishi yake: kikopo kimoja cha unga kwa galoni moja ya maji. Akatufundisha kwamba galoni ya Wamarekani ni lita nne kasoro kidogo. Nilielewa siku ileile.

Jikoni nikamkuta mama mpishi anatia kikopo kimoja kwenye ndoo ya lita ishirini. Uji wenyewe maji, unaona hadi kitako cha kikombe.

"Mama, hapo vinatakiwa vitano," nikamwambia.

"Mwalimu mkuu kasema kimoja. Vingine kawaulize nguruwe wake."

Wenzangu walicheka. Mimi nikaenda kumwuliza mwalimu mwenyewe.

Kesho yake mama yangu akaitwa. Alipiga magoti ofisini. "Shikamoo, mwalimu. Msamehe, bado mtoto."

Mwizi yule akaegemea kiti chake. "Aseme alikosea hesabu, arudi darasani. Hataki, achukue madaftari yake aende."

"Sema, mwanangu," mama akaninong'oneza.

Nikayatazama magoti yake juu ya saruji.

"Ni vitano, mwalimu," nikasema. "Na kidogo juu yake."

Mama akainuka, akajikung'uta kanga, tukaenda kuchukua madaftari.