Nilivyoibeba Kompyuta Ndogo Mpaka kwa Senge

Nyinyi wa nyumbani mlioniona nikipita nimefunga mzigo kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga, mkaulizana nimezaa lini, kaeni niwaeleze. Sikuzaa. Nilikuwa nimebeba kompyuta, na nilikuwa naipeleka Siongiroi kutafuta baraka ya Senge.

Senge ni dada wa baba. Wangu anaitwa Senge Tapsubei, na ndiye aliyenilea, akanipeleka chuo cha usekretari, na siku nilipoandikwa kazi na kampuni moja ya majani chai alinishika mkono mpaka kwenye geti, askari akadhani ni yeye anayeajiriwa. Basi kazi hiyo nikaiacha. Tulifundishwa shuleni kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha, tena niliukunja nikautupa. Nilitaka kuwa mchapaji wa kutembea. Kwa nini mtu wa Ndanai apande hadi Kericho kuchapiwa kadi ya harusi, na mimi nina miguu?

Senge aliposikia hakunitukana. Alinyamaza, na heri angetukana. Kwetu unaweza kuanza kazi mpya bila baraka ya senge wako, hakuna atakayekushika, lakini hata kikombe kikivunjika watu watasema, unajua huyu Senge wake hakumwambia neno. Na mimi mwenyewe, acha hao watu, nilikuwa nalitamani hilo neno mpaka naota. Mwishowe akanitumia ujumbe kupitia dereva wa pikapu ya maziwa: "Mwambie Chelang'at akuje na hiyo kitu aliachia kazi. Nione ikifanya."

Lakini nimeruka. Safari yenyewe ilianzia Nairobi, siku niliyoinunua.

Nairobi nilipanda ngazi za duka fulani nikitarajia sanduku. Kompyuta za ofisini kwetu zilikuwa na chumba chao, zinafunikwa kitambaa jioni, na kuingia unavua viatu. Kijana wa duka, aliyevaa tai nyekundu, akaniwekea mezani kitu cheusi cha ukubwa wa Biblia ya mchungaji.

"Sawa," nikamwambia. "Na ile ingine?"

"Ingine gani, madam?"

"Ile kubwa yake."

Alicheka mpaka tai ikamzunguka begani. Hakuna kubwa yake! Ilikuwa hiyo tu, nyepesi kuliko pakiti ya unga. Akaifungua, ikatoa mlio mdogo, kioo kikawaka, na mimi nikapiga kelele dukani, "Aki ya nani!" mpaka mlinzi akachungulia. Sehemu ya kuingiza disketi ilikuwa kando, na waya wake, kwa sababu ndani haikutoshea. Sikujali. Ndani ya basi la kurudi niliiweka magotini nikaifungua kila tulipoelekea kusimama, ili wanaoingia waione. Mzee aliyekaa karibu nami aliitazama muda mrefu, kisha akakunja mkono wa koti na kuninyoshea. Alifikiri ni ya kupima presha.

Kericho tuliishi pamoja vizuri, mimi na yeye. Nilimweka kando ya mto nikilala. Vitufe vyake vilikuwa vidogo hivi kwamba vidole vyangu vilikanyagana kama watu kwenye foleni ya mafuta ya taa, na maandishi nilikuwa nayasoma na pua. Katikati ya vitufe palikuwa na kidude chekundu cha ukubwa wa punje ya mtama; ukikisukuma, mshale unakimbia kwenye kioo. Nilishinda siku nzima nausukuma ule mshale huku na huku, chakula kinaungua. Kasoro yake ilikuwa moja, betri. Pembeni ya kioo palikuwa na picha ya betri ndogo, na ilikuwa inapungua ukiitazama, kama maziwa kwenye kikombe cha mtoto. Na kwa Senge hakukuwa na stima.

Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, wachumaji unawaona vichwa tu na vikapu. Printa niliiacha, nzito. Kompyuta nikaifunga kwa karatasi ya nailoni, kwa sababu mvua ya Kericho haina simile, nikaizungushia leso na kuifunga kifuani. Nilijiambia: Chelang'at, mpaka ufike kwa Senge hufungui. Pikapu ya kanisa iliyokuwa ikipeleka mabenchi ikanipa lifti, nikakaa juu ya benchi kama niko ibadani, tunapita Litein, tunapita Sotik, na mimi naimba. Msiniulize wimbo gani. Niliimba zote.

Chepilat nilishukia kwa Mama Nyaboke, fundi wa kushona, Mkisii aliyehamia sokoni pale zamani. Binti yake alikuwa anaolewa na alitaka programu ya kanisani. Huyo ndiye alikuwa mteja wangu wa kwanza, kwa hiyo kufungua ilikuwa halali. Aliisukuma cherehani kando, tukapata nafasi.

"Sasa hii ndio ulinunua?" akauliza. "Si ni kama ya kuweka poda?"

"Mama, taja nyimbo."

Akataja, nikachapa. Alibadilisha mawazo kuhusu nani atakata keki, nikafuta jina la dada yake bila kuacha hata alama. Alishtuka. "Umemtoa? Hivyo tu?" Akafikiri kidogo, akasogeza kiti. "Mrudishe. Mtoe tena nione." Tulimtoa na kumrudisha yule dada mpaka wateja wa nguo wakakasirika. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa na stima, akaniruhusu nichaji pale kati ya kichwa na kichwa, na betri ikajaa pomoni.

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda," Mama Nyaboke akaniambia akinisindikiza. "Enda pole pole na huyo bwana yako."

Ndanai nilifika na pikapu ya maziwa, mitungi inagongana nyuma yangu kama bendi. Hapo wanawake walikuwa wanangoja kupimiwa maziwa, na mmoja akaniuliza mtoto wangu mbona halii. Mngefanya nini? Niambieni nyinyi. Nilifungua leso. Nikafungua kioo, kikawaka, nao wakasema "Woiye!" kwa pamoja, na mimi kichwa kikavimba. Nikaandika jina la huyu, la yule, yule akadai la bwanake, mwingine akataka la ng'ombe wake anayeitwa Sirwet, kwa herufi kubwa. Nilipokuja kutazama pembeni ya kioo, betri ilikuwa imefika nusu.

Kutoka hapo nilibebwa na Daktari Koech, daktari wa ng'ombe, aliyekuwa na pikipiki ya serikali na alikuwa anaelekea Siongiroi kudunga ndama sindano. Barabara ya udongo, mashimo, na mimi nimeikumbatia kompyuta kwa mkono mmoja, daktari kwa mwingine. Tukiwa njiani mvua ya mawe ikatukimbiza ndani ya posho mill, kinu cha kusaga unga. Mtambo ulikuwa umezimwa. Tulikaa juu ya magunia, mvua inapiga mabati, hakuna anayemsikia mwenzake.

"Nimesikia hizi ziko na karata ndani," daktari akapaza sauti.

"Kidogo tu," nikasema. Mjinga mimi.

Mtu mzima, ana watoto sekondari, ana cheti cha serikali! Alikishika kile kidude chekundu kwa ncha ya kidole, akatoa ulimi kidogo nje, na hakurudi duniani. Nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Mimi nami nilikuwa namwonyesha, "Hapo, hapo, weka malkia!" Tulicheka mpaka mwenye mtambo akaja kuungana nasi. Mvua ilikatika, hatukujua.

Kompyuta ikalia tii.

Nilipotazama, ile picha ya betri ilikuwa imebaki kamstari. Moyo ulinishuka mpaka kwenye gambuti. "Daktari, zima! Zima! Senge atanionaje?" Aliniuliza Senge ni nani, na nilipomweleza akapangusa kioo kwa kitambaa chake, akaifunga mwenyewe kwenye leso. Naye pia ana Senge.

Siongiroi tulifika alasiri, jua limerudi, kila kitu kinatoa mvuke. Senge alikuwa amekaa nje ya jikoni juu ya kigoda, kitambaa cha kanisa kichwani, na mke wa ndugu yangu, Betty, alikuwa ameketi karibu naye akichambua mboga. Hakusimama.

"Chamgei, Senge."

"Chamgei mising," akajibu, akitazama kifua changu, si uso. "Fungua."

Hakuna chai, hakuna habari ya safari. Nilipiga magoti, nikaiweka mapajani, nikabonyeza. Kwanza giza. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, dakika moja tu. Kikawaka.

Senge alisogeza kigoda. "Andika yenye nitasema. Andika: Chelang'at ameacha kazi mzuri."

Nikaandika.

Aliinama, akasoma taratibu, midomo inatembea, kwa sababu Senge anasoma Biblia yake kila siku na hasaidiwi na mtu. "Ni kweli imeandika," akasema. "Sasa andika: Lakini hakuiba, hakufukuzwa. Alitoka na mguu yake."

Nikaandika hiyo pia, macho yakiniwasha. Nukta ya mwisho ilipokaa, kompyuta ikalia tii na kufa. Kioo kikawa cheusi, nikajiona uso.

"Imechoka," nikasema.

"Hata mimi ningechoka, kwa hizo barabara." Halafu akacheka! Senge, aliyeninyima hata ukali wake, akacheka mpaka akajishika magoti. "Betty, leta sotet."

Betty akaleta kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa yenye unga wa mkaa ndani, ya kijivu na yenye harufu ya nyumbani. Hapo nikajua. Mtu mzima kwetu akikubariki, anaweka maziwa kinywani na kukunyunyizia. Senge alikunywa funda, mashavu yakajaa, akainama kuelekea mapajani mwangu.

Kuelekea kompyuta!

Sikufikiri. Niliona yale maziwa yanaingia kati ya vitufe, naona unga wa mkaa unashuka ndani, naona programu ya Mama Nyaboke inazama. Niliinyakua, nikaifunika kwa kifua, nikageuka.

Kisha nikasikia Senge anameza. Gudu.

"Uui," Betty akanong'ona. "Umempatia Senge mgongo."

Nilikuwa nimesafiri kutoka Kericho hadi pale kutafuta kitu kimoja, na kilipokuja nilikigeuzia mgongo, na sasa kilikuwa tumboni mwa Senge. Niligeuka polepole. Alikuwa anajifuta mdomo na kona ya leso, bila haraka.

"Ulifikiri nataka kubariki nini?"

"Kompyuta, Senge."

"Hiyo plastiki?" Aliitazama, akanitazama mimi. "Mimi nilikuwa nataka mikono. Iko hapo juu yake. Ningefikia aje?"

Nikataka ardhi ipasuke. Aibu ilinishika mpaka masikio, na huzuni pia, nasema wazi. Safari nzima sikuwahi kuitua kompyuta chini, hata kwa kinyozi niliisimamia. Niliitua pale, kwenye udongo mbichi, kando ya karai la mboga, nikanyosha mikono yote miwili mbele yake.

"Nimeshameza," Senge akasema.

"Najua, Senge. Naomba ingine."

Akamtazama Betty, Betty akatazama mboga. Kisha akachukua kibuyu, akanywa funda, kubwa kuliko la kwanza, na mashavu yakiwa yamejaa akageuza shingo pole pole mpaka akaielekea kompyuta. Alikuwa ananipima, mama yule! Macho yake yalikuwa yanacheka. Mimi sikusogea. Nilisema ndani ya moyo, kwaheri, rafiki, tulipendana.

Ghafla akanigeukia, puuu! Mikono, uso, nywele, ndani ya jicho la kushoto. Yalikuwa baridi, nikapiga kelele, Betty akapiga vigelegele, na Senge akasema maneno ya Kipsigis ambayo sitayaandika hapa kwa sababu ni yangu.

Siku ya kurudi Senge alinisindikiza mpaka barabarani, na kompyuta aliibeba yeye, imefungwa kifuani mwake, eti nimechoka. Kila mama tuliyekutana naye alisimamishwa. "Uko na harusi? Uko na mazishi? Huyu anaandika. Anatoa mtu na anarudisha." Nilikuwa nimemsimulia Betty mambo ya Chepilat na ya karata, naye akamfikishia. Kabla hatujafika njia panda nilikuwa na kazi za kunishughulisha mpaka Krismasi.

Mkiniuliza nilijifunza nini, nitawaambia kwamba kitu chepesi ndicho kigumu kukitua. Mzigo wa kuni utautupa mwenyewe ukifika. Kompyuta ya uzito wa unga nilisahau kwamba nimeibeba.

Daktari Koech alitukuta pale njia panda, pikipiki inanguruma. Senge alinifunga ile leso yeye mwenyewe, akalikaza fundo, akamgeukia.

"Enda pole pole, daktari. Nasikia unapenda karata."

"Mama, usijali. Hiyo kompyuta itafika mzima."

"Hiyo ikianguka, atanunua ingine," Senge akasema. "Huyu akianguka, mimi nitanunua wapi?"